Hesabu Iliyopigiwa Kigelegele

Siku ya tatu ya matanga ya shangazi yangu nilikuwa nimejilaza chumbani kwake, kule Kiriba, mlango nimeurudishia, nikisikiliza wanawake nje wakisugua masufuria na kumcheka marehemu. Kwetu marehemu huchekwa. Mkishalia, mkamzika, wale waliomjua vizuri huanza kumwigiza: alivyokuwa akitembea, alivyogombana na mbuzi wa jirani, alivyosinzia kanisani akazinduka na kuitikia amina mahali pasipo na amina. Nilikuwa nacheka peke yangu mle ndani huku machozi yakinitoka, mpaka niliposikia sauti ya Perusi, binti yake, ikisema, "Ngojeni niwaambie ya siku ile shuleni kwa Nyangeta." Nikaacha kucheka. Nyangeta ni mimi. Siku hiyo naijua; nimeikimbia tangu nikiwa msichana wa Kidato cha Tano hadi leo ambapo mvi nazificha kwa rangi, na nilikuwa nimejiaminisha kwamba hakuna mwingine anayeikumbuka. Nilitaka kutoka nikamzibe Perusi mdomo. Nikashindwa hata kuketi. Mimi mwanamke mzima, mwalimu wa hesabu huko Butiama, ambaye watoto wa watu hunyamaza nikiingia darasani, nilijifunika kitenge cha marehemu mpaka kichwani.

Mwaka ule niliishi kwa shangazi, mtaa wa Nyasura, pale Bunda. Mabweni ya shule niliyopangiwa yalikuwa yamejaa, na sisi tuliokuwa na ndugu mjini tuliambiwa tukalale kwa ndugu. Shangazi alikuwa mjane, anauza vitenge sokoni, na kwa sababu hiyo nyumba yake haikuwa na kitu kilichokaa uchi. Viti vilivishwa vitambaa vya kufuma, redio ilikuwa na kitambaa chake, hata mtungi wa maji ulivaa. Sebule ilinukia nguo mpya na mafuta ya taa, na meza ya chakula ilisogezwa dirishani ili niwe nasomea pale. Nilipofika tu nilipewa kiti pekee chenye mto. Hapo ndipo shida yangu ilipoanza, maana mimi nilipewa jina la bibi yangu, mama yake mzazi shangazi, na kwa watu wetu anayepewa jina la mtu ndiye mtu huyo amerudi. Kwa hiyo shangazi aliniita mama, na hakuwa anatania, au alikuwa anatania nusu. Asubuhi aligonga mlango wangu akasema, "Shikamoo mama, umeamka?" nami sikujua niitikie marahaba au nitokee dirishani. Michembe ya asubuhi, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nilipakuliwa wa kwanza. Jioni, kwenye ugali wa muhogo na mtama, kichwa cha samaki, sato wa ziwani, kilikuwa changu, na ole wake aliyekigusa. Hakunituma dukani hata mara moja. Aliyetumwa ni Perusi, aliyekuwa mkubwa kwangu na tayari ana cherehani yake mtaa wa Manyamanyama, na kila alipopita mbele yangu na ndoo alinitupia neno: "Haya bibi, kaa hapohapo. Wewe ulishachotaga maji yako kabla hujafa."

Heshima hiyo ingenifaa kama ningekuwa na akili walizodhani ninazo. Kidato cha Nne nilikuwa moto kweli. Wakati ule hatukuruhusiwa kalkuleta, tulitumia kijitabu cha majedwali, na mimi kijitabu kile nilikijua mpaka vidole vyangu vilifungua ukurasa kabla sijauwaza. Nilipochaguliwa kusoma fizikia, kemia na hesabu, shangazi alikwenda Mwanza kufuata vitenge akarudi na kalkuleta. Ilikuwa nyembamba, nyeusi, na juu yake kijidirisha cha kupokea mwanga. Betri haikuwa nayo. "Hii haili umeme, inakula jua," aliwatangazia wageni, na akailisha hasa. Kila Jumamosi alipotandaza michembe na dagaa uani, aliilaza kalkuleta ukingoni mwa mkeka, uso juu, akamwagiza Perusi afukuze kuku. Nilijua kwamba haihitaji kulishwa, kwamba hata mwanga wa dirishani unaitosha. Lakini utaanzaje kumsahihisha mtu anayekupa shikamoo? Shuleni wenzangu walisema hesabu zangu zinanuka dagaa, nami nilicheka nao, kwa sababu mwanzoni hicho ndicho kilikuwa kichekesho pekee.

Kisha tukaingia kwenye kalkulasi, na ndani yake integresheni, ambayo kwa lugha ya sebuleni ni kutafuta ukubwa wa eneo lililo chini ya mstari uliopinda. Mwalimu Magesa aliyetufundisha alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, na alikuwa na wimbo mmoja tu: chora kwanza, kadiria kwa macho, ndipo uguse hiyo mashine. Mimi nilichora kwa sababu mchoro ulikuwa na alama zake, kisha nikausahau palepale nikageukia vitufe. Sikugundua nilipoacha kufikiri. Nilijikuta nabonyeza saba mara nane. Nilijikuta nabonyeza nusu jumlisha nusu, na nikisubiri jibu kwa wasiwasi, eti labda limebadilika. Leo nikiwa nimesimama upande wa pili wa darasa najua nilichokuwa nakikimbia: ule ukimya unaomkuta mtu kabla hajajua. Kitabu cha majedwali kilikuacha ukae kwenye ukimya huo ukitafuta mstari wako. Kalkuleta iliufuta mara moja, ikakupa nukta na tarakimu nyingi baada ya nukta, nami niliziamini zote kwa sababu zilikuwa nyingi. Majibu ya mtihani wa katikati ya muhula yaliporudi, Mwalimu Magesa aliniita ofisini. Karatasi yangu ilikuwa mezani.

"Nyangeta, umeandika hapa kwamba tanki la maji lina ujazo wa hasi. Maji hasi ndiyo maji gani?"

"Ndivyo kalkuleta ilivyotoa, mwalimu."

"Nimekuuliza wewe. Kalkuleta haijawahi kuoga." Akakunja karatasi taratibu. "Nikiona hivi tena nitakuombea nafasi upande wa sanaa, usome historia, jiografia na Kiswahili. Siyo adhabu. Kuna watu wazuri sana kule."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma. Ningependa aninyuke, kisha aniache nibaki. Sikumwambia shangazi, kwani ningemwambia kwa mdomo upi? Alikuwa amekwisha kulitangazia soko zima la Bunda kwamba mama yake, ambaye katika maisha yake ya kwanza hakufundishwa hata kuandika jina, safari hii amerudi kusoma hesabu zinazowashinda wanaume. Mama mmoja wa kwaya yake ya kanisani alifika nyumbani kunitazama tu. Alikaa, akanywa chai, akaniangalia nikibonyeza, akaondoka akitikisa kichwa kwa mshangao.

Ikaja siku ya wazazi. Kila darasa lilitakiwa kuonyesha somo mbele ya wageni, na kwa upande wa hesabu Mwalimu Magesa alinitaja mimi. Wenzangu waligeuka. Baadaye alinisogelea karibu na bomba la maji akasema, "Nitakupa rahisi kuliko zote. Nataka nikuone ukisimama na hesabu, wewe na yenyewe." Nilimwelewa. Hapo ndipo angeamua kama nabaki au nahama. Asubuhi ya siku hiyo sikuweza kula. Kalkuleta niliiwasha, nikaizima, nikaiwasha, nikakibonyeza kitufe kinachobadili kipimo cha pembe kutoka nyuzi kwenda radiani, maana hesabu hizo hufanywa kwa radiani. Hiyo ilikuwa kazi ya kila siku, kitu cha kwanza nikikaa kwenye dawati, niliifanya kama watu wanavyofumba macho kabla ya kula, bila kuuliza sababu. Siku ile nikawa nimeimaliza nyumbani, nikaridhika. Shangazi akaichukua kutoka mkononi mwangu. Akaiweka juu ya ukuta wa uani ili ile jua la kwanza wakati tunavaa, kisha akaifuta, akaiviringisha kwenye leso yake nyeupe ya kanisani, akafunga fundo, akaitia kwenye mkoba. "Isiingie vumbi njiani, mama. Nitakupa mbele ya watu, kwa heshima."

Turubai lilifungwa uwanjani na ubao ukatolewa nje. Shangazi alikaa benchi la mbele, kulia kwake Perusi, kushoto wanakwaya, wote wamevaa sare ya kitenge kimoja alichokitoa mwenyewe kwenye meza yake ya sokoni. Mwalimu Magesa akaandika swali: tafuta eneo lililo chini ya nundu moja ya mstari wa saini, ile saini ya pembe, kutoka sifuri hadi pai. Kweli lilikuwa rahisi. Nilichora. Mstari ukapanda, ukatuna, ukashuka, nundu safi kama kichuguu, kimo chake moja, upana wake tatu na kidogo. Nikaandika hatua zote bila kukosea. Kilichobaki ilikuwa kosaini ya pai, na hiyo kila mtoto wa Kidato cha Tano anaijua kichwani, ni hasi moja. Nami niliijua. Nikiwa nimesimama pale nilikuwa naijua. Lakini ule ukimya ulinijia, mbele ya watu wote wale, na badala ya kusimama ndani yake nikageuka nikanyoosha mkono. Shangazi akainuka. Akafungua fundo kwa meno, akaja mpaka ubaoni, akanipa kalkuleta kwa mikono miwili huku akikunja magoti, kama mtu anavyompa mama yake kikombe. Watu wakacheka kwa furaha. Nikabonyeza. Ikatoa sifuri, nukta, sifuri, sifuri, moja, tano, na nyingine nyuma yake, nami nikaziandika chini ya kichuguu changu.

Naomba nieleweke hapa. Niliona. Nundu ile ilikuwa kubwa, ungeweza kuikadiria ukiwa nusu usingizini, na jibu langu lisingejaza hata kijiko cha chai. Macho yangu yaliliona kosa, na bado mkono ukapiga mistari miwili chini ya jibu, kama tulivyofundishwa kufanya tukiwa na uhakika. Nikageukia watu. Mwalimu Magesa alikuwa ametazama viatu vyake. Nyuma, wavulana wa Kidato cha Sita walikuwa wamekwisha kuona, mmoja ameuma ngumi, wengine midomo inaanza kufunguka. Nikamtafuta shangazi kwa macho. Ndipo akapiga kigelegele.

Kilikuwa kirefu, kikali, cha harusi. Wanakwaya wakakidaka. Wazazi ambao hawakujua kinachoshangiliwa wakapiga makofi wasije wakaonekana hawajaelewa, na mkuu wa shule, ambaye yeye somo lake lilikuwa historia, naye akapiga makofi. Kicheko cha wavulana kilizama humo humo. Mimi nilisimama katikati ya shangwe zile na upuuzi wangu ukiwa umepigiwa mistari miwili nyuma ya kichwa changu, na niliona aibu mpaka masikio yakaziba. Tena si aibu ya jibu peke yake. Nilimwonea aibu shangazi. Nilimtazama amesimama na leso yake mkononi, jasho, furaha, kitenge kipya, nikasema moyoni, masikini huyu, anashangilia tarakimu kwa sababu ni nyingi.

Wazazi walipokwenda kula pilau, Mwalimu Magesa alinirudisha ubaoni. Hakuwa amefuta. Akaniuliza kama nimeliona kosa, nikasema nimeliona. "Umeliona saa ngapi?" Nikasema kabla sijageuka. Akakuna chaki kwenye nyusi. "Basi utabaki," akasema. "Asiyeona ndiye ningemhamisha. Wewe unaona, unakataa tu kujiamini." Akaichukua kalkuleta akaifungia kwenye droo yake mpaka muhula ulipokwisha, na muhula ule nilirudi kuteseka kwa kichwa changu, polepole, kwa machozi mengi, ukurasa kwa ukurasa. Lakini kabla ya kuifungia alinionyesha kitu. Akaifunika dirisha lake kwa kiganja, ikazimika. Akafunua, ikaamka, na ilipoamka ilikuwa imesharudi kwenye nyuzi. "Hizi zikikaa gizani zinasahau," akasema. "Ilikuwa wapi?" Nikakumbuka leso nyeupe na fundo lake. Nikasema sijui.

Jioni ile shangazi alipika sato mzima wa nyanya na kunisogezea kichwa. "Yule mwalimu wako mbona alinuna?" aliuliza. Nikasema ndivyo alivyo. "Wivu," akasema, akanichagulia minofu ya shavuni, na Perusi akawa anatazama sahani yake. Nilimeza samaki yule kama nameza mchanga. Habari ya leso sikumwambia, si siku ile wala baadaye. Nilifaulu, si kwa kishindo, nikaenda chuo, nikapangiwa kufundisha Butiama, na kila nilipokwenda kumsalimia, kwanza Bunda na baadaye Kiriba alikorudi uzeeni, aliwaeleza wageni upya jinsi mama yake alivyowanyamazisha wazazi wa shule nzima kwa hesabu. Mimi niliinamisha uso nikakoroga chai. Niliona huo ndio wema wangu kwake, kwamba mimi mwenye elimu namwachia mzee furaha yake, sitaki ajue kwamba alishangilia kosa na kwamba kosa lenyewe lilitoka kwenye mkoba wake. Nilijipongeza kwa hilo miaka yote. Nilijiona mtu mwenye utu.

Sasa Perusi alikuwa nje, anasugua sufuria, na anasimulia.

"Mama alikuwa amekaa hivi, mimi hapa. Nyangeta kaandika vile visifuri vyake, kageuka. Mama akanifinya paja! Akasema, Perusi, mama amekosa. Nikamwambia, wewe unajuagaje hesabu? Akasema, hesabu sijui, ila mama yangu namjua. Akipatia hanitafutagi."

Mwanamke mmoja akasema, "Wee! Kumbe alijua?"

"Alijua! Halafu akawaona wale wavulana wanataka kucheka. Akaniambia, hakuna mtu atamcheka mama yangu mimi nimekaa hapa. Ndiyo akapiga." Perusi akakipiga kigelegele chenyewe, na kilikuwa kile kile, cha harusi, mwili wangu ukaruka chini ya kitenge. Wanawake wakacheka mpaka mtu akaangusha mfuniko. "Na akanikataza. Eti Nyangeta asijue kama nilijua, ataona aibu. Sasa mkija wageni, anaanza: mama yangu aliwanyamazisha! Mimi namkonyeza, ananiambia nyamaza wewe, mwache mama ajisikie vizuri."

Nililala pale nikiangalia paa. Kwa hiyo kila nilipokuwa nikikoroga chai nikimhurumia, yeye alikuwa anasimulia kwa ajili yangu, akiniona nimeinama, akidhani bado naumia, akiongeza chumvi ili nipone. Nilichoka kwa aibu, si ile ya ubaoni, ile sasa ilionekana ndogo, ya kitoto. Hii ilikuwa ya mtu mzima. Nikaondoa kitenge usoni, nikatoka.

Waliponiona walinyamaza wote, Perusi ameshika jivu mkononi. Bibi mmoja mzee wa pale jirani, ambaye alikuwa ameketi kwenye kigoda na hakujali ukimya wa mtu, akaniuliza, "Mwalimu, kwani jibu lenyewe lilikuwa ngapi?"

"Mbili," nikasema.

"Mbili na ngapi?"

"Mbili tu, bibi. Mbili kamili."

"Mbili!" Akawageukia wenzake. "Yaani makelele yote yale, mtu anasumbuliwa hivyo, kumbe ni mbili!" Wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, na katikati ya kucheka nikaanza kulia, kwa sauti, kama ambavyo sikulia siku ya kuzika. Hakuna aliyeninyamazisha. Perusi alisubiri mpaka nikatulia kidogo, kisha akanivutia sufuria kubwa kuliko yote, lile la ugali, limeganda masizi, akalisukuma mpaka miguuni pangu.

"Haya, kaa usugue," akasema. "Aliyekuwa anakukataza tumemzika."